Kikombe Huelekezwa kwa Mpokeaji

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ile migomba ya nyuma ya nyumba, imeinuka tangu upepo uiangushe? Mimi ni mzima, mashavu yamejaa, kwa hiyo usiwaambie wenzako wa jumuiya kwamba Uholanzi wananishindisha njaa.

Nilipokupigia simu kusema huenda nisije kwenye harusi ya Leokadia, ulisema tu, "Haya mwanangu, kazi ni kazi." Afadhali ungenigombeza! Mdogo wangu anaolewa mara moja tu. Sasa kaa vizuri, Kaka Deo akusomee taratibu, asiruke mistari kama kawaida yake.

Unajua umeme ukitoka kwenye maporomoko ya Rusumo kuja kwenu, mwingine hupotea njiani kwa kuzipasha nyaya moto. Sisi tunachunguza vitu ambavyo vikipozwa sana, umeme hupita ndani yake bila kupotea hata kidogo. Kazi yangu ni kuvichuna kwa utepe wa gundi kutoka kwenye kijiwe cheusi, kama wewe unavyochuna maganda ya mgomba ukitafuta kamba laini, mpaka libaki tabaka jembamba mno, macho matupu hayalioni. Kipande kimoja kilinitoa jasho tangu mlipokuwa mnapanda maharage. Mwalimu wetu, mama mmoja mwenye mvi na mwenye haraka, aliniambia kikikubali, naondoka likizo. Kikiharibika, naanza upya.

Jumatatu mwenzangu alimkabidhi mwalimu kile kipande ndani ya kijisanduku chake, mwalimu akakifunga kwenye mashine, umeme ukapita bila kizuizi. Tukashangilia. Jumatano, ili apime tena, nikamkabidhi mimi. Umeme ule ule, kiasi kile kile, ukakwama! Wote wakasema kimeingiwa na hewa, kimekufa. Nilikwenda chooni nikalia, nikimwona Leokadia anatoka kanisani na mimi sipo.

Niliporudi, mwalimu akaniuliza, "Evodia, ulinipaje kile kisanduku? Hebu nipe tena."

Nikampa. Mikono miwili, magoti yakakunjika kidogo, na kabla hajapokea nikakigeuza, alama nyekundu iliyochorwa upande wake wa mbele ikamwelekea yeye. Mama, ni wewe! Tangu utoto wangu unasema, "Mgeni hatafuti mkono wa kikombe, mgeuzie." Kisanduku cha watu nilikitendea kama kikombe cha uji, na yeye kwa haraka zake alikuwa amekifunga vile vile alivyokipokea, nyuma mbele.

Tukakirudisha kilivyokuwa Jumatatu: umeme ukapita. Tukakigeuza tena: ukakwama. Hakikuwa kimeharibika hata kidogo. Kinaupokea umeme ukitokea upande mmoja, ukitokea upande wa pili kinaukatalia. Hicho ndicho wenzangu walichokuwa wakikitafuta, ila tulikuwa tumepanga kupima upande wa pili baadaye kabisa. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Mshukuru mama yako, halafu nenda harusini." Siku hizi hata kahawa yangu anaipokea kwa mikono miwili, nami namgeuzia mkono wa kikombe makusudi.

Nakuja, Mama! Nina furaha mpaka naona aibu kutembea barabarani nikitabasamu peke yangu.

Msalimie Baba, mwambie tumbaku anayoificha darini naijua. Mpe pole shangazi wa Biharamulo kwa kuchagua vitenge vya harusi peke yake, mbishi yule, sijui wauzaji wamesalimika vipi. Bibi harusi mwambie asinishonee gauni la kubana, nimeshakwambia habari za mashavu.

Siku ile uliponisindikiza mpaka darajani Rusumo, nilivuka kwenda kupanda ndege Rwanda nikiburuza miguu, nikageuka kila hatua kukutazama. Kipande changu kimenionyesha kwamba njia ile ile inaweza kukukatalia ukienda na kukuachia ukirudi. Nisubiri pale pale uliposimama. Safari hii nitavuka mbio.

Ni mimi mwanao,
Evodia