Usimukalie Maman Matanga

Bukavu, tarehe 15 Septemba 1957

Mupendwa yaya Télesphore, mukubwa wangu,

Nakusalimu sana. Hali gani kule Albertville? Kifua kilipona? Séraphine na watoto wanaendelea? Huku tuko wazima, na Maman Nsimire naye iko muzima. Shika neno hilo mbele ya kusoma mengine.

Ile kambi yetu ya Nyalukemba, mahali tulikaa sisi tuliotoka Nyangezi kutafuta kazi, waliivunja mwezi wa sita, wakatuhamishia Kadutu. Kisha akakuja muzungu moja wa sinema. Alichelewa, kambi ilikuwa imekwisha. Basi akaagiza wajenge tena nyumba kumi za matete palepale, apige picha zikivunjwa na katapila. Sisi wenyewe tukaitwa tuingie, kisha tutoke na vitu vyetu, kama siku ile.

Maman aliingia, hakutoka. Nilizungukia nyuma, nikamukuta amepanga mafyiga matatu, anachambua maharagwe.

"Maman, katapila inakuja!"

Akajibu polepole, "Baba yenu hajarudi kazini."

Baba, mwaka wa tano huu mu kaburi! Nilimuvuta kwa nguvu, tukatokea kulekule nyuma. Mara nyumba ikaanguka.

Juma pili iliyopita walionyesha sinema mu sale ya mikutano ya misioni, juu ya kitambaa cheupe, saa tisa ya muchana, madirisha yamefungwa. Tuliona Maman anaingia. Tuliona nyumba inaanguka. Kutoka kwetu hakukuonekana. Watu wakapiga kelele, kisha wote wakageuka kumuangalia pale alikuwa amekaa. Benchi yetu ikabakia na sisi wawili tu.

Tangu siku ile jirani Colette hapokei tena chakula cha Maman. Na jana Maman mwenyewe aliniuliza, "Adélaïde, uliona mimi nikitoka?"

Nikasema, "Ni mimi nilikuvuta." Haniamini, anaamini kile kitambaa cheupe.

Yaya, ile sinema wanaizungusha sasa mu makambi ya wafanyakazi, na kwenu itafika. Usilie. Usiombeshe misa ya wafu. Umuandikie Maman barua, jina lake mwenyewe juu ya bahasha, faktéri wa posta aliite mbele ya jirani wote.

Polycarpe, bwana yangu, anawasalimu wote. Umusalimie Séraphine, na mutoto Constantin. Nilimuuliza Maman kama nitie salamu zake. Akasema, "Umuambie nilikuwa ninamupenda."

Andika mbio, yaya. Mungu awafunike na mukono wake.

Mimi mudogo wako, ambaye roho yake iko kwako,
Adélaïde