Asidi Aliyoijua Kasongo

Kolwezi, Jumanne usiku

Na alikuja kweli, na fimbo yake, kuniomba msamaha kabla padri hajaniletea mafuta matakatifu kesho.

Kasongo. Tulipokuwa sote walimu wa kemia, aliucheka ubao wangu mbele ya mkaguzi: "HF asidi zaifu? Na inakula kioo!" Wanafunzi wakaangua kicheko, mkaguzi akamwamini. Yeye akawa prefe, yaani mkuu wa shule, mimi nikahamishiwa Lubudi.

Maisha yangu yote nilimhesabu mjinga. Mjinga ningemsamehe, mradi nimwaibishe kidogo kwanza.

"Panga zile asidi ine za halogène," nikamwambia, "kuanzia ile zaifu."

Hakusita. "HF, kisha HCl, HBr, na HI inapita zote. Fluor anashika hydrogène yake nguvu, hamuachilie mu mayi. Iode anaachilia mbio. Kula kioo ni mambo ingine, tata."

"Ulijua lini?"

"Ah, tata! Tangu université. Mi nilitafuta tu ile kazi ya prefe." Akacheka, akakohoa. "Sasa tuachane muzuri?"

Kumbe alijua, siku ile ile alipokuwa akinicheka.

Nilimfukuza. Mke wangu amenuna, hataki hata kunipa chai.

Kesho padri ataniuliza kama nimewasamehe wote. Naogopa kufa hivi, sifichi. Lakini nitamjibu: wote, isipokuwa mmoja. Nitalitaja jina, na sababu. Na nitaomba mlango uachwe wazi, maana sebule itakuwa imejaa wanaparokia.