Kaka Yake Alimuachia Makaye

Mama Geneviève mushauri wetu, nisaidie, na kama itakulazimu kunicheka basi nicheke polepole, juu bibi yangu anasikiliza radio yako, mimi ni baba ya watoto wanne hapa Mudzipela, na binti yangu Jemima amemaliza huitième, mwaka wa nane wa masomo, sasa ni wakati wa kuchagua option, masomo atakayofuata, na mimi nilienda peke yangu kwa préfet, mukubwa wa shule, nikamuandikisha pédagogie, masomo ya ualimu, juu kaka yake Néhémie alimaliza pédagogie na makaye yake yote, daftari za kila somo, iko ndani ya sanduku, safi, imefunikwa na karatasi, nikajiambia mutoto hatasumbuka, hata mimi nilisoma kwa makaye ya kaka yangu na umeona nimefika wapi, ninauza matairi ya pikipiki. Jemima hakulia, afadhali angelia. Alisema tu: “Papa, basi umurudishe Néhémie darasani, yeye anayajua.” Anataka électricité, kazi ya umeme. Ni yeye alifunga waya za panneau solaire yetu, ile ya umeme wa jua, majirani wanamuita, lakini darasa lile karibu lote ni wavulana, na ndugu zangu wa kule kwetu Gety wanasema nitaharibu mutoto. Liste ya kuandikisha wanafunzi inafungwa Ijumaa, na tangu Jumapili Jemima ananisalimia kama vile mugeni. Nifanye nini?

Evariste, Papa Néhémie

Papa Néhémie, nimekucheka, na kwa sauti. Pole.

Sasa sikia. Mutoto anawasha taa za kartie, mtaa muzima, weye unamufunga miaka minne juu ya sanduku? Hakuna kaye hata moja itafanya examen d'État, mtihani wa mwisho, pahali pake. Woga wako naujua. Mimi shangazi alinichagulia couture, kazi ya kushona, kwa sababu alikuwa na mashine. Robe ya kwanza niliyoshona, shangazi mwenyewe aliivaa mara moja, kwa adabu tu. Ndiyo maana niko kwa radio.

Juu ya wavulana, usiulize Gety. Ingia atelier, pale wanafunzi wanafanyia mazoezi, umuone mwalimu uso kwa uso, uulize wasichana wako wangapi na wanatendewa namna gani. Hiyo ndiyo kazi ya baba. Makaye, kuna mutoto kartieni anayependa kufundisha, umupe.

Lakini leo, mbele ya mama yake, umuombe Jemima musamaha. Usimuombe kwa kumununulia fanta, mwombe kwa kinywa. Kesho asubuhi mwende wote wawili, bulletin, karatasi ya alama zake, ikae mukononi mwa Jemima. Préfet akiuliza ni option gani, weye uangalie dirisha. Mutoto ajibu.