Picha Zinazojihifadhi Zenyewe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Katindiuka hatujambo. Dada yako amejifungua salama, na babu yako anapalilia mpunga.

Umeuliza kama nataka picha za simu yangu zijihifadhi zenyewe mtandaoni, nisije nikapoteza za mtoto.

Nilipokuwa msichana, mafuriko yaliharibu picha pekee ya marehemu mama. Nikaenda kwa mpiga picha aliyeipiga, pale Ifakara mjini. Akapekua kabati lake, akainua kipande cha mkanda wa kamera kwenye mwanga.

"Huyu siye mama yako?"

Alikuwa mama kweli, ila kwenye mkanda, ambao hugeuza nyeusi kuwa nyeupe, nywele zake zilionekana nyeupe.

"Nani alikuambia uutunze?" nikamuuliza.

"Hakuna. Natunza ya wote, maana sijui nani atarudi."

Akanisafishia picha nyingine, ndiyo hii iliyopo sebuleni. Bado namshangaa mtu yule, alitunza kabla hajaombwa.

Kwa hiyo nakubali, nielekeze namna ya kuwasha huduma hiyo ya kuhifadhi. Ila niambie kwanza, nikifuta picha kwenye simu, huko mtandaoni nako inafutika? Kuna moja babu yako amesinzia kanisani, na ameniamuru niifute.

Bibi yako