Eti Mguu Wangu Unakunywa Mafuta

Jumamosi jioni, Mbinga. Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu haujataka kutoka kwenye kahawa. Nimechoka, lakini nina furaha, tena ile furaha yenye ubaya kidogo.

Tangu mume wangu Kosmas afariki, shemeji yangu Osmund amekuwa na wimbo mmoja: mguu wangu unakunywa mafuta. Mimi nafundisha shule ya Kihagara, kule ziwani, na kila Ijumaa napanda huku Mbinga kwa wanangu wawili, Beatha na mdogo wake, wanaokaa na mama mkwe. Osmund alitaka gari la marehemu libaki kwake, mimi nipande basi. Kwa basi, na vipindi vyangu vya shule, wanangu ningewaona mara moja kwa mwezi.

Mara moja kwa mwezi! Thubutu.

Ila hapa siwezi kujidanganya. Osmund hakuwa ameongopa. Nilikuwa nakanyaga mafuta kila nikiona barabara imenyooka, halafu nafunga breki kwenye kona. Niliacha injini inaunguruma huku napiga soga na wauza ndizi. Keria ilikaa juu ya gari mwaka mzima bila mzigo, na matairi sikuwahi kuyapima upepo.

Na kwenye buti kulikuwa na mfuko wa saruji uliobaki tulipojenga kaburi la Kosmas. Ulishaganda, umekuwa jiwe. Nilipanda nao milima na kushuka nao, kwa sababu kuutoa niliona ni kumzika mara ya pili.

Mwezi uliopita niliutoa. Nikalia. Kisha nikafungua keria, nikajaza upepo, nikaanza kujifundisha kuendesha upya.

Ukabaki mteremko. Madereva wetu wana imani yao: ukianza kushuka kuelekea ziwani unatoa gia, gari linajishukia lenyewe, eti mafuta yanapumzika. Hata Kosmas alikuwa hivyo. Fundi wangu akaniambia kinyume. Ukibaki kwenye gia na mguu ukautoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, haihitaji kunywa. Ukitoa gia, lazima inywe ili isizimike, na breki zinabaki na mzigo wote peke yake. Nilipomweleza Osmund alicheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, mlima ule nimeushuka kabla wewe hujajua usukani ni nini."

Basi tukapeana mtihani mbele ya ukoo. Kujaza tenki mpaka juu, kwenda Mbamba Bay, kule ziwani, na kurudi, kisha kujaza tena tuone gari limekunywa lita ngapi. Atakayetumia kidogo abaki na gari. Mama mkwe apande safari zote mbili, awe shahidi. Jumamosi iliyopita aliendesha Osmund, mimi nikiwa pembeni. Leo ilikuwa zamu yangu.

Nilishuka kwa gia ya pili. Pikipiki zikanipita, lori la mihogo likanipigia honi. Osmund pembeni yangu akapiga miayo ya makusudi, akasema tutafika Jumatatu. Hasira zilinipanda, lakini mwendo sikuuongeza. Kona nilikuwa naiona mbali, natoa mguu mapema, gari linapungua lenyewe. Wakati wa kurudi, milimani, nilipanda taratibu bila kukurupuka.

Nilikuwa naogopa. Hilo nalikiri hapa tu.

Tuliporudi kituo cha mafuta, dada wa pampu alijaza mpaka tenki likakataa. Nimetumia pungufu ya Osmund kwa lita moja na kidogo. Osmund akasema barabara leo ilikuwa tupu. Mara akasema ni manyunyu, injini imepoa. Mara akasema lita moja si kitu cha kumnyima mwanaume gari la kaka yake.

Jioni tukakaa kwenye sengu, mlo wetu wa ukoo, ambapo sisi Wamatengo huamua mambo mikono ikiwa kwenye ugali. Osmund akaanza upya hoja zake, na baba wadogo wawili wakaitikia kwa vichwa kumuunga mkono. Nikajua lita zangu hazitanisaidia.

Mama mkwe alikuwa anatoa miiba kwenye mbasa, samaki wa ziwani. Hakuinua macho.

"Osmund, mwanangu. Uliposhusha gari wewe, nilisali rozari nzima, mafungu yote matano. Leo Mama Beatha kanishusha nikiwa nimelala. Gari linabaki kwake."

Osmund akaomba asogezewe maharage.

Najua hayajaisha. Watasema mjane kaota pembe, watasema nimemloga mama yao. Waseme. Kesho baada ya misa nawaaga wanangu kwa siku tano, siyo kwa mwezi, na mlima nitaushuka kwa gia ileile ya pili. Mwenye haraka anipite.