Mke Wangu Anadhani Nina Hawara, Kumbe Nina Riwaya

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana mke wangu Solbjørg amekwisha kukata tiketi ya meli kwenda kwa dada yake Bodø, na aliyemfukuza ni mimi kwa ujinga wangu. Nina miaka sitini na sita, nilifundisha hesabu hapa Vadsø, kaskazini kabisa mwa Norwe, hadi nikastaafu, na maisha yangu yote nimetangaza kwamba riwaya ni uongo uliotiwa jalada na muziki wa kodiani ni mlio wa mbuzi aliyekanyagwa, watu wakaniamini kwa kuwa nina sauti ya mwalimu. Basi Novemba jua likatuaga kama kawaida yake, lisichomoze tena hadi Januari, nami nikaanza kununa, nikawa nagombana hata na kibaniko cha mkate, hadi Solbjørg akasema, "Toka nje, mzee, kabla sijakutupa mwenyewe." Nikaenda maktaba, nikaazima kitabu chenye picha ya mashua nikidhani ni cha ufundi, kumbe ni cha mapenzi, na kufika ukurasa wa arobaini nilikuwa nalia mpaka miwani imeingia ukungu.

Jirani yetu Gudveig, mjane wa miaka themanini na moja, alinikuta nimejificha nacho kwenye banda la mashua, natetemeka. "Mwalimu," akasema, "utakufa kwa baridi kabla hujajua kama wameoana. Njoo kwangu." Tangu siku hiyo, kila Jumanne na Alhamisi saa sita mchana, nje giza tii, namsomea kwa sauti kwa kuwa macho yake yamechoka, naye ananipigia santuri za kodiani za marehemu mumewe, na mguu wangu, mshauri, mguu huu msaliti, unafuata mdundo bila kuniomba ruhusa.

Tumemaliza riwaya tisa. Solbjørg nilimdanganya kwamba namsaidia rafiki kutengeneza injini. Juzi dukani alipoitaja injini hiyo, mtu aliyeniona nikiingia kwa Gudveig akamwuliza kama mjane huyo amefungua gereji. Akarudi, akanusa koti langu, halina hata harufu ya dizeli.

"Arnfinn, una mtu?"

Nikainama kufunga kamba za viatu nilizokwisha kuzifunga! Niliona heri anidhanie mzinzi kuliko ajue ninawalilia wachumba wa kwenye karatasi. Nifanyeje? Jina langu usilifiche, mji wetu ni mdogo, watalijua tu.

Arnfinn, Vadsø

*

Arnfinn, nimecheka, kisha nimekasirika. Mtu mzima unaona aibu ya kitabu kuliko aibu ya uzinzi? Hesabu hiyo ulifundishwa na nani? Giza hili linatula sote, na aliyepata wimbo wa kumtoa kitandani hana haja ya kumwomba mtu radhi. Machozi si kosa. Kosa ni kwamba ulipata kaburudisho kako ukakala peke yako, huku mwenzako yuko jikoni, gizani vilevile, anakuvumilia unavyonuna.

Mweleze yote, hata habari ya mguu. Usijitetee. Kisha nendeni wote wawili kwa Gudveig, umwombe radhi kwa kumtia midomoni mwa watu.

Kwa kuwa meli haingoji gazeti, nilikupigia simu Alhamisi nikakwambia hayohayo, na Ijumaa ukanipigia wewe, sauti ya mwalimu imekwisha kabisa. Umesema Solbjørg alikusikiliza bila kupepesa macho, mwisho akauliza, "Miaka thelathini na minane unanizimia redio jikoni kila kodiani ikilia, kumbe unapenda?" Ukajibu, "Napenda." Akakuchapa kwa glavu, mara mbili, halafu akakaa chini akalia, wewe nawe ukalia.

Safari haikuvunjika, ataenda wiki moja, maana dada yake ameshaoka keki. Lakini amekuamuru umpigie simu kila siku baada ya chakula, umsomee hiyo ya mashua tangu ukurasa wa kwanza. Tii. Soma polepole, na ukifika penye mabusu, usijifanye unakohoa ili upate kuruka.