Rafu ya Bwana Delorge

Mahajanga, 12 Machi 1962

Kwa mama yangu mdogo Mariama, Hell-Ville.

Nakupa kwezi, mama mdogo, shikamoo ya kwetu. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu uliokusumbua mwezi wa Ramadhani umeacha kuuma. Sisi huku tumefunga salama, tumefungua salama, tunamshukuru Mola.

Nakuandikia kwa Kiswahili alichotufundisha babu, maana maneno yangu si ya kusomwa na kila apitaye sebuleni kwa Mfaransa unayemtumikia, Bwana Delorge. Shule imenichukua kufundisha watoto wadogo. Mkuu wa shule ameniahidi darasa la Kiyunani nikifaulu mtihani wa Tananarive, na mtihani wenyewe ni juu ya tamthilia za Wayunani wa kale, zile za wafalme wanaoangamia na nyumba zao. Hazitoshi tafsiri za watoto wa shule. Lazima niwe na matoleo ya wataalamu: Kiyunani upande huu, Kifaransa upande ule, chini ya ukurasa tofauti za miswada, na mwishoni maelezo ya kila neno gumu.

Wafaransa wanaorudi kwao wanauza vitabu barabarani nyuma ya forodha, lakini wengi wana vitabu vya mapishi na hadithi za wapelelezi. Nimepata viwili tu. Kimoja kimeliwa na mchwa katikati. Kingine kimechanwa mwanzo, kwa hiyo kisa kinaanza mtu keshauawa.

Mama mdogo, naikumbuka rafu ya Bwana Delorge. Safu nzima, vyote vimejalidiwa kwa kitambaa chekundu. Tangu apofuke havisomi. Muulize kama ataniuzia.

Mwanao,
Hamada

---

Hell-Ville, 2 Aprili 1962

Mwanangu Hamada,

Nakuitikia mbona, mwanangu. Kwezi yako nimeipokea kwa mikono miwili. Mguu umepoa, ila sasa ni mgongo. Ndiyo hali, hatukai bila kimoja.

Bwana nilimuuliza nikiwa namnyoa. Alicheka mpaka nikaondoa wembe shingoni.

"Yule aliyekuwa akisimama juu ya kiti?" akasema.

Bila shaka hujasahau. Ulipokuwa mdogo alikupandisha kitini mbele ya wageni ukaimba herufi za Kiyunani, nao wakikutupia lozi za sukari, ukaziokota sakafuni. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Niliona fahari, Mungu anisamehe.

Akasema: "Mwambie vitabu vyangu vitaenda kwa wapwa zangu, mabinti wa dada yangu. Wataviweka chini ya mguu wa kabati, lakini watakuwa ni Wafaransa."

Nikamuuliza na nyumba je. Akasema nayo ni yao. Nikamuuliza na mimi.

"Wewe una kwenu Ambanoro."

Ambanoro nina kuta. Paa liliondoka na kimbunga, na bwana huyu nimelala naye, nimempikia na kumwosha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikamaliza kumnyoa. Nikampaka manukato yake.

Tafuta vitabu kwingine, mwanangu. Na ule vizuri.

Mama yako mdogo,
Mariama

---

Mahajanga, 25 Aprili 1962

Mama yangu mdogo mpenzi,

Kwezi. Nakuombea mgongo upone. Huku joto limepungua na afya yangu ni njema, ila moyo haujatulia tangu nisome barua yako.

Nimefikiri hivi. Mzee haoni. Anachojua ni kwamba rafu imejaa. Mzigo aliokuletea baharia Fazul una vitabu vya zamani vya forodha, hesabu za ng'ombe waliosafirishwa, ambavyo ofisi ilikuwa inavitupa. Nimevipima: urefu ule ule, unene ule ule, nimevivika kitambaa kama kile. Toa vyake, weka hivi, umpe Fazul vya kweli arudi navyo kwa meli.

Usiite wizi. Nanunua. Fazul ana bahasha yako ya pesa, na kila kitabu kitakachofika nitakutumia nyingine. Nunua mabati ya Ambanoro. Umemfanyia kazi mtu yule maisha yako yote na hukuandikwa popote. Wapwa zake hawajui hata kutamka jina lako.

Hatajua kamwe. Na asichojua hakitamwumiza.

Mwanao akutegemeaye,
Hamada

---

Hell-Ville, 19 Juni 1962

Mwanangu Hamada,

Mbona, na shukrani. Mimi ni mzima. Fazul atakuwa amekwisha kufika, kwa hiyo unajua nimefanya.

Siku ya kwanza nilijifanya nafuta vumbi. Kila alasiri akiamka Bwana huenda rafuni na kupitisha kidole juu ya migongo ya vitabu, kama mtu anayehesabu watoto wake. Alifika kwenye vile vyako, akasimama. Akachomoa kimoja, akakinusa. "Bahari imeingia humu," akasema. "Usiache dirisha wazi." Basi.

Siku iliyofuata akakifungua magotini, akaanza kughani kwa Kiyunani, kwa sauti, anageuza kurasa kila anapohisi pamefika mwisho. Anakijua kwa moyo. Machozi yanamtoka, na kidole chake kiko juu ya hesabu za ng'ombe wa Marovoay. Ilinibidi nikimbilie jikoni nikajifunika uso kwa kanga. Nilicheka, Hamada. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Asubuhi ile alikuwa amenipiga kwa fimbo kwa sababu ya supu kuwa baridi.

Mabati yamepandishwa Ambanoro. Yanang'aa hata ukiwa mbali.

Kimebaki kimoja tu, kile anacholala nacho chini ya mto. Hicho siwezi.

Mama yako mdogo,
Mariama

---

Mahajanga, 8 Julai 1962

Mama mdogo,

Kwezi na salamu. Vyote vimefika vikavu. Sijui nikushukuruje. Vingine kurasa zake zilikuwa hazijakatwa bado; nimezikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni, ukurasa kwa ukurasa, na nilijiona mfalme. Mkuu wa shule amekuja kuviona. Amevua miwani, akaifuta, akavaa tena.

Lakini hicho cha chini ya mto ndicho ninachokihitaji kuliko vyote. Ni toleo lenye maelezo marefu, halichapwi tena, na hata katika maduka ya Paris ni adimu. Mzee analala usingizi mzito. Jaribu. Bahasha itakuwa nene kuliko zote.

Mwanao,
Hamada

---

Hell-Ville, 14 Agosti 1962

Mwanangu Hamada,

Salamu, na afya nakutakia. Yangu usiulize.

Amekuja padri kijana kutoka ng'ambo, alivuka kuja kisiwani kwetu na boti ya Ankify kumtembelea Bwana baada ya kusikia kuna msomi kipofu. Nilimwambia Bwana amelala. Bwana akaita kutoka ndani: "Nani huyo?" Akamkalisha, akachomoa kitabu rafuni, akampa.

"Nisomee, padri. Miaka sasa sijasikia sauti nyingine isipokuwa yangu."

Mimi nilikuwa nyuma ya kiti na kahawa, nikimtikisia padri kichwa. Alinitazama. Akatazama ukurasa. Sidhani alikuwa mtu mbaya; nadhani hakujua kusema uwongo. Akasoma kilichoandikwa: "Ng'ombe waliopakiwa mwezi wa Juni. Madume. Mitamba. Waliokufa njiani."

Bwana alitabasamu. "Padri, mimi ni mzee kwa mizaha."

"Si mzaha, bwana."

Bwana akamwomba avishushe vyote, asome kila kimoja ukurasa wa kwanza. Ng'ombe. Ng'ombe. Ngozi. Ng'ombe. Mikono ya Bwana ilikuwa inatafuta kitu hewani.

Padri alipoondoka, Bwana hakuniuliza sababu. Aliuliza viko wapi. Nikaanza kukusanya vikombe. Akasema: "Vikirudi sitasema kitu. Visiporudi nitaita askari." Tangu siku hiyo kila alasiri ananisimamisha mbele yake nimsomee hesabu za ng'ombe, mimi ninayekokota herufi za Kifaransa kama mtoto. Nikikosea matamshi ananirudisha mwanzo wa ukurasa. Nasoma mpaka sauti inakatika. Jana nilianguka, na alisubiri niinuke, akasema: "Endelea."

Hamada, nakuomba kwa roho ya marehemu mama yako, dada yangu. Virudishe. Umekwisha kuvisoma. Mpe Fazul.

Mama yako,
Mariama

---

Mahajanga, 30 Agosti 1962

Mama mdogo,

Salamu. Nimepokea barua yako.

Kuvirudisha haiwezekani. Mtihani u mlangoni, na mkuu wa shule anajua ninavyo. Nikivitoa sasa atauliza. Nawe kumbuka kwamba nilinunua. Bahasha ulizipokea, mabati yako juu ya nyumba yako.

Wakikuuliza, sema ulimuuzia Muhindi mmoja aliyekwisha kuhama. Hakuna atakayemtafuta. Jina langu usilitaje, na Fazul asije tena shuleni.

Bwana Delorge anatisha tu. Nani atamwosha?

H.

---

Hell-Ville, 21 Desemba 1962

Mwanangu Hamada,

Salamu. Umzima? Sijakuandikia kwa muda mrefu kwa kuwa nilipokuwa hawatoi karatasi.

Hakuwa anatisha tu. Askari walikuja mchana, watu wakitoka sokoni. Nilisema Muhindi. Mmoja wao alinipiga kofi, nikasema Muhindi. Nikafungwa. Kila asubuhi walitutoa kufagia barabara ya bandarini, na wanawake wa Ambanoro walipita na samaki wao vichwani. Wengine walinisalimu. Walionisalimu ndio walioniumiza zaidi.

Mabati waliyang'oa. Walisema yamenunuliwa kwa mali ya wizi.

Kisha Bwana akaenda mwenyewe, kashikwa mkono na mpishi mpya, akafuta mashtaka. Wapishi watatu walikuwa wamemkimbia, na huyu wa nne alikuwa anamwibia sukari. Nilimkuta kakonda, ndevu zimeota ovyo, shati limemkaukia mwilini kwa uchafu.

"Mariama, nina njaa," akasema.

Nilipika. Nikakaa mbele yake, nikala sahani yote, polepole, ili asikie kijiko. Nilipomaliza nikamwekea yake. Hivyo ndivyo tulivyopatana.

Sasa hanisomeshi ng'ombe tena. Jioni ananisimulia vile visa vyako kwa Kifaransa chepesi. Kuna kimoja cha mama anayengoja mlangoni, anapamba nyumba, na mtoto anayerudi amekuja kumwua. Nikauliza huyo mama alikosa nini. Akaniambia niende nikalale.

Hujaniuliza hata mara moja kama niko hai.

Mama yako mdogo,
Mariama

---

Mahajanga, 17 Machi 1963

Mama yangu mdogo mpenzi na mheshimiwa,

Kwezi, kwezi tena. Nisamehe kimya changu, shughuli zilinizidi. Nakuombea afya na maisha marefu.

Nina habari za furaha. Nimefaulu, na darasa la Kiyunani ni langu. Na namwoa Charifa, binti wa mfanyabiashara mkubwa wa nguo hapa Mahajanga. Mkwe wangu ametujengea nyumba mpya Amborovy, na katika ukumbi ametengeneza kabati la vioo kwa ajili ya vitabu vyangu. Wageni wote wanaletwa kuvitazama. Harusi ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Mei.

Nafasi moja katika kabati iko wazi. Unajua ni ya kitabu gani. Nasikia Mzee hali yake ni mbaya. Ikitokea amri ya Mungu, kichukue kabla mtu hajaingia chumbani, unitumie.

Kuhusu harusi, mama mdogo, nakuomba unielewe. Hawa ni watu wa dini na wa jina. Habari ya kifungo imewafikia, na habari ya kukaa na vazaha, Mzungu, bila ndoa pia. Nimewaambia kwamba mwanamke huyo ni mtu wa mbali tu, si wa kwetu. Ukija utajidhalilisha wewe mwenyewe. Nitakutumia pilau na keki.

Mwanao daima,
Hamada

---

Hell-Ville, 20 Mei 1963

Mwanangu Hamada,

Mbona, mwanangu. Barua yako ilinikuta mzima, na mpaka leo ni mzima. Hongera ya mtihani, hongera ya mke. Mungu awape watoto wanaowajua wazee wao.

Bwana Delorge amefariki. Alikufa mchana, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na neno lake la mwisho lilikuwa la kunitukana kwa kuwa maji yalikuwa ya moto. Nimelia. Usiniulize kwa nini, maana hata mimi sijui.

Kitabu kilikuwa chini ya mto kama siku zote. Nilikichukua kabla mtu hajaingia. Nilikishika, nikaona kina jasho la kichwa chake, na nikakirudisha.

Wapwa zake wameandika. Samani hawazitaki. Nyumba inauzwa. Ila wanavitaka vitabu, vyote, kwa sababu wamesikia vina thamani. Mwanasheria wao wa hapa aliniita, mtu mpole, akanipa kiti. Akasema vikipatikana hakuna atakayemgusa mwanamke mzee kama mimi. Akaniuliza viko wapi.

Mara hii hakuwepo mtu wa kuniambia niseme nini. Nikamweleza mji, nikamweleza Amborovy, nikamweleza kabati la vioo.

Karani wake anasafiri na karatasi za mahakama na askari mmoja. Haijui nyumba, wala uso wako haujui, kwa hiyo wameniomba nifuatane nao, na nauli wamenilipia. Boti ya Ankify tutapanda wiki ijayo, kisha gari. Tutafika Ijumaa ya harusi, baada ya sala, nyote mkiwa mmekwisha kukaa.

Keki usinitumie, nitaikuta huko huko. Waambie wakwe zako wanitengee mahali, na ukiulizwa mimi ni nani, waambie tu.

Mama yako mdogo, ndugu wa tumbo moja na mama yako,
Mariama